Usiku au mchana? Kuvua wolai Ziwa Erie majani yakipukutika

Mpwa wangu alifika Columbus, Ohio, mwezi wa Agosti kwa masomo. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Wenzangu kazini wanasema sasa ndio wakati wa wolai, na kwamba lazima mtu aende usiku. Mimi usiku niko zamu siku nne kwa wiki. Mchana hakuna samaki?" Nilianza kumjibu kwa simu, maneno yakawa mengi. Na kwa kuwa kila mwaka kuna mpwani mwengine aliyeko pande hizi anayeniuliza swali lilo hilo, na walioko nyumbani nao hupenda kujua watoto wao huku wanashinda wapi, nimeona niandike.

Mimi ni mtoto wa Takaungu. Marehemu babangu alikuwa mvuvi wa mshipi, na niliijua ndoana kabla ya kujua kalamu. Ziwa Erie nimelivua miaka kumi na moja. Ninayoyasema hapa ni ya mtu aliyefanya na aliyekosea, na kosa langu kubwa nitalieleza mbele kidogo kwa sababu linahusu roho ya mtu.

Kwanza samaki mwenyewe. Wolai ni samaki wa maji matamu wa Marekani Kaskazini. Ana mwili mrefu wa rangi ya dhahabu iliyochovywa kijani, tumbo jeupe, meno makali, na ncha ya chini ya mkia wake ni nyeupe. Hiyo ndiyo alama ya kumtambua upesi. Kwa Kiingereza jina la ukoo wake ndilo alilopewa pia sangara wetu wa Ziwa Victoria, lakini ni jina tu, hawana undugu wa karibu. Wataalamu humwita *Sander vitreus*. Neno la pili ni Kilatini, maana yake "wa kioo", na kioo kinachotajwa ni jicho lake.

Jicho hilo ndilo jibu la swali zima, kwa hiyo tulitazame. Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga, kama ule wa paka. Mwanga mdogo ukiingia, unapita mara mbili mahali pa kuonea: ukienda na ukirudi. Ukimmulika kwa tochi usiku utaona macho mawili yanawaka chini ya maji. Basi samaki huyu giza halimsumbui. Kinachomsumbua ni jua kali: likipanda, wolai mzima hushuka kwenye kina au hujificha. Anaowala, vile visamaki vya fedha na wale pachi wadogo wa njano, wao huona vyema mchana. Jua likizama macho yao huanza kufifia, ya wolai bado yanafanya kazi. Hapo ndipo anapokula, kwa sababu mawindo yake hayamwoni akija. Marehemu babangu alikuwa akisema samaki ana milo miwili, giza likiingia na giza likitoka, na hakuwahi kumwona wolai maishani mwake.

Ila jua si lile lile kila siku. Anga likiwa na mawingu mazito, upepo ukiupiga uso wa maji, au maji yakiwa na matope, mwanga unaofika chini ni mdogo na wolai hula hata saa sita mchana. Wavuvi wa huku wana jina maalumu la yale mawimbi mafupi mafupi yanayovunja jua, wakiyaona hufurahi. Upande wa magharibi wa Ziwa Erie maji ni haba, wastani wake ni kama mita 7 tu, na huchafuka kwa urahisi. Huko mchana si wa kudharau hata kidogo. Kwa hiyo anayekwambia wolai ni wa usiku tu amekwambia nusu.

Sasa majira. Kwetu vuli ni mvua. Huku ni majani kupukutika na jua kukimbia. Mwanzoni mwa Novemba saa hurudishwa nyuma, na ghafla Magharibi inaingia kabla ya saa kumi na mbili jioni. Maji ambayo Agosti yalikuwa ya kuogelea hushuka hadi nyuzijoto 10 hivi, na Desemba yanakaribia 4. Wakati wa joto ziwa hili, hasa sehemu ya kati, hugawanyika: maji ya moto juu, ya baridi chini, na hayo ya chini huishiwa hewa hata samaki wasiweze kukaa. Baridi ikija, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na upepo huyakoroga yote yakawa kitu kimoja. Hapo samaki anaweza kukaa popote atakapo, juu au chini. Ndiyo maana mtu aliyevua vizuri Julai kwa kufuata kina fulani hujiona mjinga mwezi wa Novemba.

Jambo la pili ni safari. Wolai wa Erie hutaga mwanzo wa masika upande wa magharibi, kwenye mito kama Maumee na Sandusky na kwenye miamba ya chini ya maji. Wakati wa joto wakubwa wengi huelekea mashariki kwenye maji ya baridi zaidi. Mwisho wa mwaka huanza kurudi magharibi, na wanarudi wakila kwa pupa, kwa kuwa wanabeba mayai ya masika yajayo. Wakati huo huo visamaki wanavyovila husogea kwenye bandari na midomo ya mito. Basi kwa wiki chache samaki wakubwa kabisa wa ziwa hili huja usiku mahali ambapo mtu asiye na chombo anaweza kuwafikia, akiwa amesimama juu ya gati. Mji wa Huron, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Columbus kwa gari, una gati linalojulikana kwa hilo, na utawakuta watu wamejipanga kama foleni ya benki.

Usiku, ukiwa nchi kavu

Hapa ndipo penye raha. Usiku huvuki kina. Wolai wamekuja kwenye mita 2, 3, 4, karibu na mawe. Huhitaji chambo hai. Tunatumia samaki bandia mrefu mwembamba, urefu wa kiganja au kuzidi, unaoelea au kusimama katikati ya maji ukiacha kuvuta. Unamrusha, halafu unamvuta polepole. Mpwa wangu, polepole ninayosema siyo ile unayoifikiria. Samaki katika maji ya baridi damu yake nayo ni ya baridi, hakimbizi kitu. Vuta mizunguko mitatu, acha. Hesabu hadi tano. Vuta tena. Karibu wote niliowapata walikamata nilipoacha, na wengi hawakupiga kwa kishindo: mshipi uliongezeka uzito tu, kana kwamba umenasa kwenye mwani.

Tochi ya kichwani iwe ya mwanga mwekundu, na usimulike maji. Ukimulika, wenzako watakwambia, na si kwa adabu ya kwetu. Chukua wavu wa mpini mrefu kwa sababu gati ni refu kwenda chini, na samaki wa ratili nane huwezi kumpandisha kwa mshipi. Rekodi ya Ohio, iliyowekwa 1999 katika ziwa hili hili, ni ratili 16.19, kiasi cha kilo 7.3. Mimi sijaikaribia.

Kuhusu mwezi nimebishana na watu wengi. Nyumbani wanaovua simsim na dagaa kwa karabai hutoka giza la mwezi, kwa kuwa mbalamwezi hushindana na taa yao. Huku ni kinyume: wengi hungoja mwezi mpevu wa Novemba kama watu wangojeavyo mwezi wa Idd, wakisema ndipo majike makubwa hula. Nimepata samaki mwezi ukiwa mpevu, na nimepata usiku wa giza totoro. Ninachokiangalia kabla ya mwezi ni upepo. Pwani ya Ohio iko kusini mwa ziwa, kwa hiyo upepo wa kusini unatoka nchi kavu kama umande wetu wa alfajiri, na maji hulala. Ukiwa wa kaskazini unaleta mawimbi yote ya ziwa mlangoni pako, na baada ya dhoruba maji huwa tope siku mbili tatu, hata wolai mwenyewe haoni.

Na bamvua? Hakuna. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa maana yetu, na mwaka wa kwanza nilipotea kabisa, sikujua niende saa ngapi. Lakini lina ujanja wake. Upepo mkali wa kusini-magharibi ukivuma kwa saa nyingi husukuma maji yote upande wa Buffalo, na huku Toledo maji hukauka hadi boti zikalala kwenye matope. Tofauti kati ya ncha mbili za ziwa inaweza kupita mita 2. Upepo ukikatika, maji hurudi yakiyumba kama ya kwenye beseni. Mvuvi wa Vanga akiona hayo atadhani ni bamvua, mpaka aangalie kalenda.

Mchana, ukiwa na chombo

Mchana wolai wale wale wa gatini wamerudi nje, mita 10 hadi 15, wamelala karibu na chini. Bila chombo huwafikii, na hilo ndilo jibu fupi la swali lako. Mwenye boti, au aliyechanga na wenzake kukodi, ana njia mbili. Ya kwanza ni kuburuta samaki bandia nyuma ya boti kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Ya pili, ninayoipenda mimi kwa kuwa inanikumbusha mshipi wa babangu, ni kushusha chuma kizito chenye ndoana moja kwa moja hadi chini, ukakiinua nusu mita na kukiacha kianguke. Unahisi kila kitu kidoleni. Tofauti na changu wa miambani ni kuwa huku vidole havina hisia baada ya nusu saa.

Mchana una faida zake. Unaona wingu linalokuja, unaona mwenzako alipo, na saa nane mchana ni nyuzi kadhaa juu ya saa nne usiku. Ukubwa wa samaki, kwa uzoefu wangu, ni wa mchanganyiko zaidi: wadogo wengi, mkubwa mmoja. Usiku ni wachache lakini wa kujivunia.

Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa tatu, mwisho wa Novemba, nilimchukua rafiki yangu, mpwani mwenzangu, hadi kwenye gati moja ambalo nilikuwa nimelivua wiki iliyotangulia. Upepo ulikuwa umegeuka kaskazini. Mawimbi yalikuwa yakirusha maji juu ya saruji na maji yale yalikuwa yakiganda, utando mwembamba ambao kwa giza huuoni. Yeye alitaka turudi garini. Mimi nilimwambia samaki wako kule mwisho. Nililisema hilo mimi, na ninalikumbuka neno kwa neno. Alipiga hatua nne akateleza, akaingia majini kati ya mawe.

Huyu ni mtu aliyekua akipiga mbizi baharini tangu utotoni. Haikumfaa kitu. Baridi ile humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, ndiyo kwaheri. Wanaofundisha uokoaji huku hutumia hesabu rahisi: dakika 1 ya kuirudisha pumzi yako, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Alipoibuka hakuweza kuongea. Alishika jiwe, na nilipomfikishia wavu vidole vyake havikufunga. Mzee mmoja ambaye usiku kucha hakuwa amemsemesha mtu alikuja na kamba iliyofungwa kitanzi, akamwambia aupitishe mkono wote hadi kwapani. Tukamvuta. Hospitali walimtoa siku ya pili, alhamdulillah. Hadi leo ncha za vidole viwili hazina hisia, na mama yake hajui. Hatukuwa na jaketi la kuokolea maisha hata moja. Tulikuwa na fimbo nne za kuvulia.

Novemba katika maziwa haya si mwezi wa mchezo. Tarehe 10 Novemba 1975 meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa mita 222, ilizama Ziwa Superior katika dhoruba, na watu wote 29 waliokuwa ndani walikufa. Hiyo ni meli. Sembuse sisi na buti za mpira.

Kwa hiyo, mpwa wangu, masharti yangu ni haya na sitajadiliana nawe. Jaketi la kuokolea unavaa juu ya koti tangu kwenye gari. Unavalisha viatu vile vyuma vya meno vya kukanyagia barafu. Kamba ya kurusha iwe mkononi mwa mtu, si ndani ya buti ya gari. Huendi peke yako. Upepo ukiwa wa kaskazini hatuendi, hata kama wenzako wa kazini wamekutumia picha.

Nisingependa msomaji adhani kuvua wolai usiku kulianza na Wazungu na samaki wao wa plastiki. Kaskazini mwa Wisconsin kuna mahali panapoitwa Lac du Flambeau, jina la Kifaransa lenye maana ya ziwa la mwenge. Wafaransa waliwakuta Waojibwe wakivua usiku kwa mienge ya moto mitumbwini, wakiyafuata yale macho yanayowaka na kuchoma kwa mkuki, kama watu wetu wanavyomulika kaa na pweza maji yakikupwa. Mikataba ya 1837 na 1842 ilichukua ardhi yao lakini ikawaachia haki ya kuvua. Haki hiyo ilidharauliwa zaidi ya miaka mia moja. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilipoithibitisha 1983, na wao wakarudi ziwani na mikuki yao wakati wa masika, walikuta makundi ya watu ufuoni wakiwatukana na kuwarushia mawe. Waliendelea kuvua, na bado wanavua. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi: marufuku ya uvuvi wa usiku iliyowekwa huko kwa sababu za usalama ilikaa miaka, na anayejua samaki gani hupatikana usiku tu anajua ni riziki kiasi gani iliyozuiliwa.

Sheria za Ohio ni nyepesi kufuata. Mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni, na inanunuliwa kwa simu. Kwa ziwa hili wolai asipungue inchi 15, yaani sentimita 38, na mtu mmoja harudi nyumbani na zaidi ya 6 kwa siku. Angalia tena kila mwaka kabla ya kwenda. Askari wa wanyamapori huja gatini usiku wa manane na kupima, na yeye hana mzaha wala haraka.

Nyama yake ni nyeupe, laini, haina miiba mingi, wala haina ile harufu ya tope. Wenyeji humkaanga kwa unga, basi. Wanampenda hivi kwamba mji wa Port Clinton, kila mkesha wa mwaka mpya, hushusha wolai mkubwa wa bandia kutoka juu saa sita ya usiku, watu wakihesabu. Mimi humfanya wa kupaka, kwa tui la mkebe kutoka duka la Waasia, ukwaju na pilipili. Si changu wa Takaungu, lakini mke wangu hajawahi kuacha kitu sahanini.

Kwa hiyo jibu: huna boti, basi ni usiku, lakini mwaka wako wa kwanza si usiku wa manane. Fika saa kumi jioni uyaone mawe kwa macho yako kungali na mwanga, vua jua likizama hadi saa mbili na nusu, kisha toka. Muda huo mfupi ndio wenye chakula kingi, na Jumamosi huna zamu. Nitakupitia saa saba baada ya Adhuhuri. Jaketi la pili ninalo, lilikuwa la rafiki yangu yule. Yeye haji tena gatini, ila kila Novemba hunipigia simu kuniuliza upepo ukoje.